Sura Yangu Kwenye Pakiti

Mama mdogo alichukua korosho moja, akaivunja kwa meno ya mbele, akakaa nayo mdomoni kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Kisha akaitema kwenye kiganja.

"Hii siyo ya kwangu," akasema.

Pakiti ilikuwa na sura yangu. Nimepiga kilemba cha kitenge, meno yote nje, mkononi bakuli la korosho. Chini ya kidevu kuna jina la bidhaa, na chini ya jina maneno "Kutoka Mtwara kwa upendo", ambayo nikiyasoma leo natamani ardhi ipasuke. Pakiti hiyo ilitoka kwangu Chuno, hapa Mtwara, ikapanda basi hadi Dar es Salaam, ikafunguliwa Mbagala mbele ya simu inayorekodi, ikarudi Mtwara na basi jingine ikiwa imefungwa pamoja na ukurasa wa daftari. Mistari miwili tu: "Dada tunakupenda ila hizi zinanuka. Hela sitaki, nilitaka uzione mwenyewe."

Hela sitaki. Bora angezitaka.

Wiki iliyopita binti mmoja wa Lindi, mwenye wafuasi wengi kunizidi, aliniuliza inboksi: "Dada, nianzeje kutoa bidhaa yangu?" Anapika vizuri, anachekesha, na sasa anataka kuuza achari ya embe na juisi ya ukwaju kwenye chupa yenye jina lake. Nikaanza kumjibu kwa sauti. Ilipofika dakika ya kumi na moja nikaifuta. Jibu lake ni hili hapa, na naomba anisamehe urefu.

Mimi nilianza 2021, na hata sikuanza na korosho. Video yangu ya kwanza iliyoshika ilikuwa ya ming'oko. Kwa wasiotoka kwetu: ni mizizi ya porini, myembamba, inachimbwa, inachemshwa, unaimenya kwa vidole na kuila hivyohivyo na chumvi. Watu wa Dar wakaniuliza kama ni mihogo iliyokosa mbolea. Watu wa kusini waliotawanyika nchi nzima wakaja juu kunitetea, wakaanza kubishana wao kwa wao ming'oko mitamu inatoka wapi, na ubishi huo ndio ulionipa wafuasi elfu tisa wa mwanzo. Baadaye nikaonyesha kochoko, yale mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyokaushwa juani. Uraka, pombe ya mabibo hayohayo, sikuuonyesha. Baba yangu anaswali safu ya mbele, na mji wetu ni mdogo.

Lakini nikipika pweza, nikisonga ugali wa muhogo, nikikaanga samaki wa Mikindani, swali lilikuwa ni lilelile: "Korosho unauza?" Mtu hajali nimepika nini. Akiona Mtwara anaona korosho. Na mimi video hazikuwa zikinipa pesa ya kueleweka; zilikuwa zikinipa salamu sokoni.

Miaka hiyohiyo watengeneza maudhui dunia nzima walikuwa wameshika njia ya kuuza bidhaa zao wenyewe. Mwezi mmoja, Januari 2022, Logan Paul na KSI, watu wa video za YouTube, walizindua kinywaji cha Prime, na mwenzao MrBeast akazindua chokoleti za Feastables. Wawili wa kwanza walikuwa mahasimu waliopigana ngumi ulingoni, wakageuka wabia wa biashara. Uingereza watoto walipanga foleni madukani, maduka yakaweka kikomo cha chupa kwa kila mteja, wajanja wakanunua na kuziuza upya kwa bei ya kuruka. Mdogo wangu wa kiume alikuwa kidato cha pili hapa Mtwara. Hajawahi kuigusa chupa ya Prime, ila alikuwa akizitaja ladha zake zote kwa rangi ya chupa. Hapo ndipo nilipoona kwamba siyo kiu inayouzwa.

Hesabu yake ni rahisi ukiitazama kwa macho ya mtu wa ngoma. Mpiga ngoma anatoka jasho usiku kucha, watu wanajaa uwanjani, lakini pesa anaondoka nayo mama wa vitumbua aliyekaa pembeni na karai lake. Watengeneza maudhui waliamua kushika ngoma na karai. Taarifa za biashara za MrBeast zilizotoka hadharani zilionyesha kwamba mwaka 2024 chokoleti zilimwachia faida ya zaidi ya dola milioni 20, huku upande wa video, zilezile zinazotazamwa na dunia nzima, ukila hasara. Nyumbani mfano tulikuwa nao hata kabla: mwaka 2017 Diamond Platnumz aliweka jina lake kwenye vipakiti vya karanga. Karanga! Kitu ambacho kila kituo cha basi kina mtoto anayekiuza kwenye kikapu. Jina ndilo lililokuwa jipya.

Nikajiambia, kama karanga zimepata jina, korosho zina kosa gani?

Na hili lilinichoma kwa sababu nyingine, ambayo mtu asiyetoka Mtwara au Lindi huenda asiielewe. Korosho yetu haina jina. Mkulima anapuliza salfa kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, anaokota, anaanika, anapeleka chama cha msingi, inapimwa, inaingia ghalani, inapigwa mnada, na mfumo huo wa stakabadhi ghalani tunao tangu 2007. Ukitaka kukwepa mlolongo huo kuna kangomba, mlanguzi anayekuja na kipimo chake mpaka uani, anakununulia kwa bei ya kukupiga, na sheria haimtaki. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, sehemu kubwa ya korosho inaondoka bandarini ikiwa ghafi, kwenye magunia, kwenda India na Vietnam. Huko ndiko inakobanguliwa, inakokaangwa, inakowekwa kwenye kopo zuri lenye jina la mtu mwingine. Mimi nimekulia karibu na jengo la kiwanda cha kubangua cha miaka ya sabini ambalo utoto wangu wote lilikuwa ghala tu. Tulicheza kombolela kwenye kuta zake.

Kwa hiyo nilipotengeneza lebo yenye sura yangu sikuona najisifu. Niliona nalipa deni la watu wetu. Nilikuwa na umri wa miaka 26, umri ambao majivuno na uzalendo vinakaa chumba kimoja.

Korosho zenyewe zilikuwa za mama mdogo. Ana mikorosho yake Nanyamba, nyingi anapeleka chamani, anabakiza gunia mbili tatu za kubangua. Nilimrekodi mara nyingi, na hizo ndizo video zangu ninazozipenda, kwa hiyo nivumilie nikueleze kazi yenyewe.

Korosho ghafi inaanikwa mpaka ukiitikisa isikike gandani. Halafu inawekwa kwenye bati lenye matundu juu ya moto, nje, mbali na nyumba, kwa sababu ganda lina mafuta yake na mafuta yale yakishika moto unawaka mwali mrefu na moshi mweusi unaofukuza hata kuku. Unakoroga kwa mti mrefu, uso umeugeuzia pembeni. Ukichelewa sekunde chache umepata mkaa, ukiwahi sana ganda halipasuki. Unamwaga mchangani, unazima, unaacha zipoe. Ndipo unakaa chini na jiwe na kigongo, unagonga moja moja, upande wa mgongo, kwa nguvu ya kupasua ganda bila kuvunja kilichomo. Mafuta ya ganda yanababua. Mama mdogo anajipaka majivu viganjani na bado vidole vyake vina weusi ambao hautoki hata kwa Sikukuu ya Idi. Baada ya hapo zinakaushwa taratibu ili ile ngozi nyekundu ya ndani ilegee, zinamenywa kwa kucha, zinachambuliwa: nzima huku, nusu huku, zilizoungua za watoto. Wafanyabiashara wanazipanga kwa namba. W320, kwa mfano, ni nyeupe nzima, na namba inakwambia ni ngapi takriban zinaingia kwenye ratili (pauni) moja. Namba ikipungua, korosho ni kubwa na bei inapanda.

Kilo nne hadi tano za ghafi zinakupa kilo moja iliyobanguliwa. Msimu wa 2024 minada ilipofunguliwa Oktoba, bei ya ghafi ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mkulima alishangilia na alikuwa na haki. Lakini piga hesabu upande wa mbanguaji: kabla hujawasha moto, kilo moja ya nyeupe imeshakula shilingi 18,000 hivi. Mimi pakiti ya gramu 100 nilikuwa nauza 3,500. Toa ghafi, toa mkaa na chumvi, toa kifungashio na lebo, toa nauli ya basi, toa boda wa kuipeleka stendi. Kinachobaki ni cha mama mdogo na mimi, na mama mdogo kwa siku nzima alikuwa anatoa kilo tatu, akiwa mzima na mvua haijanyesha.

Karatasi sitazikalia sana. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na wana ofisi Lindi, watakufundisha usindikaji na kukupa barua ya utambulisho uende nayo TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosajili vyakula baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mwite bwana afya aje aone jiko lako. Pima afya. Jina sajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Barkodi yako ikianza na 620 usishangae, ndiyo namba ya Tanzania. Inachosha, lakini inafanyika, na mimi nilifanya yote. Kumbuka neno hilo, nilifanya yote, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma: sampuli niliyopeleka ikapimwa, ikapita, ilikuwa korosho ya mama mdogo.

Oktoba hiyohiyo ya 2024 nilikuwa nimejilaza natazama watu wakimsema MrBeast, Logan Paul na KSI. Walikuwa wamezindua Septemba boksi la chakula cha watoto la kubeba shuleni, Lunchly, na YouTuber mwenzao mmoja akaonyesha jibini la ndani lina ukungu. Nilicheka. Nikamwonyesha mdogo wangu. Nikasema, watu wana mamilioni ya dola wanashindwa kulinda jibini?

Desemba ikafika. Mtu mmoja mwenye wafuasi wengi sana, wa Dar, alikula korosho yangu akiwa laivu. Hakulipwa, mtu alimpelekea zawadi. Akasema, "Hizi ni za yule dada wa ming'oko," akaendelea kula. Kufikia kesho yake jioni nilikuwa na oda za pakiti 640, nyingi zimeshalipiwa. Kila simu ikilia ni muamala. Nilikaa kwenye jamvi natazama namba zikiingia, mikono inatetemeka, na wote walikuwa wanazitaka kabla ya Krismasi.

Pakiti 640 ni kilo 64. Kwa mikono ya mama mdogo ni siku 21. Nilikuwa na siku tano.

Ningeweza kuandika: jamani, subirini Januari. Leo naona ilikuwa sentensi moja tu. Siku ile niliona kama ni kujizika, kwamba anayetoka kwenye kioo cha simu leo kesho amesahauliwa. Kwa hiyo nikamtafuta mfanyabiashara mwenye korosho zilizokwisha kubanguliwa, nikachukua kilo hamsini kwa bei iliyonifanya nisiulize maswali. Zilikuwa za msimu uliopita, zimekaa kwenye mfuko wa sandarusi stoo. Nilionja moja. Nitasema ukweli, ilikuwa na kaharufu, kama mafuta ya kupikia yaliyokaa kwenye kikaango siku mbili. Nikajiambia chumvi na moto vitaondoa.

Usiku ule binamu zangu walikuja wanne. Tulikaanga mpaka saa tisa, tukipiga stori, muziki uko juu, nikarekodi na video ya "tuko kazini". Saa kumi alfajiri tukaanza kufunga, kwa sababu basi halimsubiri mtu. Korosho zilikuwa bado za moto. Vidole vilikuwa vinaona, akili ikakataa kuona. Tukazitia hivyohivyo kwenye vifungashio vya plastiki vyenye kidirisha, tukapitisha mashine ya kufungia, na kwenye vidirisha nikaona mvuke umetanda kama kioo cha gari wakati wa mvua. Nikaifuta pakiti ya kwanza kwa kanga. Mvuke ulikuwa kwa ndani.

Kilichofuata hata mtoto wa darasa la nne angekwambia. Mvuke ukageuka maji, maji yakakutana na korosho zenye mafuta yaliyoanza kuharibika zamani, vikasafirishwa pamoja zaidi ya kilomita 500 kwenye tumbo la basi lenye joto. Siku ya nne ikatoka video ya Mbagala. Binti wala hakufoka. Anafungua, ananusa, anamgeuzia mama yake, mama yake ananusa, wanaangaliana. Halafu kamera inasogea taratibu kwenye lebo, kwenye meno yangu yote. Sekunde 19. Ilitazamwa kuliko video yoyote niliyowahi kutengeneza mwenyewe.

Nilirudisha pesa za pakiti 211. Wengine hawakudai. Wengine, sijui nicheke au nilie, walisema wamekula na ziko safi.

Sasa, kuna jambo nililisoma baadaye, usiku ambao usingizi hauji, na ndilo hasa ninalotaka binti wa Lindi alisikie. Kabla ya chokoleti MrBeast alikuwa na baga. Desemba 2020 MrBeast Burger ilifunguliwa Marekani kwenye sehemu zipatazo 300 kwa mpigo, na siri yake ni kwamba hakukuwa na mgahawa. Yalikuwa majiko ya migahawa ya watu wengine, yanapika kwa jina lake na kutuma kwa wateja walioagiza kwenye simu. Mwaka 2023 mwenyewe aliishtaki kampuni iliyokuwa ikiendesha biashara ile, akidai chakula kibovu kinachafua jina lake. Kampuni nayo ikamshtaki kwa madai ya dola milioni 100. Mimi siyo wakili na sitaki kujua nani alistahili nini. Nilichokiona ni mtu mwenye jina kwenye mifuko yote na mkono kwenye sufuria hakuna. Nikaiona stoo ile, na mfuko wa sandarusi.

Prime nayo joto lake limeshuka. Mwaka 2023 mauzo yake yaliripotiwa kuvuka dola bilioni 1.2, na mwaka uliofuata Uingereza yakaporomoka vibaya. Chupa ya kwanza mtoto aliinunua kwa sababu ya KSI. Ya ishirini ilibidi ainunue kwa sababu ya kinywaji.

Usidhani baada ya aibu ile niliachwa. Februari alinipigia mtu wa Dar, sauti laini, akaniambia kosa langu ni kufanya kazi ya mikono. "Wewe nipe jina na sura, mengine niachie." Alikuwa na kiwanda cha kumfungashia, ana lebo, ana gari. Alitaka tuanze na kinywaji cha kuongeza nguvu. Nikamuuliza ndani yake kuna nini, akasema, "Hivyo ni vya wataalamu." Nilikuwa nimeshasoma kuhusu Prime Energy, ile ya kopo, yenye miligramu 200 za kafeini, mpaka mwaka 2023 seneta mmoja wa Marekani, Chuck Schumer, akaiomba mamlaka ya chakula na dawa ya kwao iichunguze kwa sababu ya watoto. Nusu ya wanaonifuata wanavaa sare za sekondari. Pesa aliyoitaja ilikuwa nyingi, na nisijifanye mtakatifu, nilikaa nayo kichwani siku tatu. Kilichonizuia ni kwamba nisingeweza kumpelekea mama mdogo aonje.

Wanasema neno machinga lilitokana na Wamachinga, watu wa Lindi waliokwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi. Kama ni kweli, basi kuuza ni kwetu. Lakini machinga amesimama mbele yako. Shati likichanika wiki ijayo unamjua yuko kona gani. Mimi na binti wa Lindi tunauza tukiwa kwenye kioo, na mteja akitaka kona yetu anaikuta lebo tu.

Tumeanza upya Juni. Lebo mpya haina sura ya mtu. Ina tarehe ya kubanguliwa, tarehe ya kukaangwa, na namba ya simu ambayo inapokelewa. Kifungashio hakina kidirisha, kwa sababu mwanga nao unaharibu mafuta ya korosho, na wateja wanalalamika kwamba hawaoni wanachonunua. Tunatoa pakiti 120 kwa wiki. Zikiisha naandika zimeisha. Nilimwomba mama mdogo niweke picha yake yeye, maana ndiye mwenye kazi. Alikuwa anamenya, hakuinua kichwa.

"Zikiharibika watakuja kwako au kwangu?"

"Kwako, mama."

"Basi andika jina la shamba. Sura yangu niachie."

Jumamosi iliyopita nilikuwa na boksi mbili za Dar. Nilifika kwake saa kumi alfajiri, nikampa shikamoo, nikaweka mashine ya kufungia kwenye umeme. Korosho zilikuwa kwenye ungo, zimetandazwa, zimefunikwa kitambaa cheupe. Nikanyoosha mkono. Akanishika kifundo kwa vidole vyake vyeusi, akaingiza kiganja chake chini ya kitambaa, akakiacha humo.

"Bado," akasema. "Kaa unywe uji."

Tulikunywa uji. Basi liliondoka.